Motari wa Goma na pikipiki ya theluji

"Jambo yaya. Mimi ni motari, yaani naendesha moto, pikipiki ya abiria, hapa Goma, mwaka wa tisa sasa, nabeba watu kati ya Birere na Ndosho. Kaka yangu mkubwa anaishi Sherbrooke, Canada, na viza yangu imetoka: mwezi wa pili nitakuwa kwake. Anataka tukodi pikipiki za theluji twende milimani siku tatu. Amenitumia video ya watu wa Revelstoke wakipanda mlima mweupe uliosimama kama ukuta. Pikipiki siiogopi, moto ni moto tu. Ninachoogopa ni mlima. Nimesikia theluji inashuka na kufunika watu, na sisi wa Goma tunajua mlima ukishuka inakuwaje. Baridi pia. Twende wapi palipo salama? Na kuna jamaa ameniambia nifanye mazoezi kwanza Ruwenzori kwa kuwa kuna theluji. Ni kweli?"

Jambo sana, mdogo wangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilicheka peke yangu. Mimi pia niliwahi kusema "moto ni moto tu", na wiki hiyohiyo nikaingiza mashine ya watu kwenye msonobari. Nimekulia mtaa wa Majengo hapohapo Goma, nikaanza kazi kwa kupandisha wageni volkeno ya Nyiragongo, na huu ni msimu wangu wa 11 wa kuongoza vikundi kwenye theluji ya Quebec, jimbo analoishi kaka yako. Kwa hiyo hofu yako naijua ilikotoka. Una haki ya kuogopa, ila hofu umeielekeza pasipo pake. Mlima mtakaopita na kaka yako hautawashukia. Vitakavyotafuta kukuumiza ni viwili: mkono wako wa kulia, na ziwa.

Kwanza tumalizane na Ruwenzori, kwa kuwa jibu lake ni fupi. Theluji ipo, kweli, kwenye kilele cha Margherita, mita 5,109, mpakani mwa kwetu na Uganda. Lakini kufika huko ni siku kadhaa za kutembea kwa miguu kwenye matope, mizizi na mawe, ndani ya hifadhi ambako hakuna wa kukuruhusu kuingiza injini. Tena barafu yenyewe inakwisha. Mwaka 1906, Mtawala wa Abruzzi wa Italia alipofika kileleni, barafu ya Ruwenzori ilifunika zaidi ya kilomita za mraba sita. Leo haifiki hata moja, nayo imejaa nyufa. Huyo jamaa yako mwambie aendelee kuitazama volkeno ya Karisimbi asubuhi ikiwa imevaa kofia nyeupe, inatosha.

Sasa video. Revelstoke iko British Columbia, upande wa magharibi wa Canada, zaidi ya kilomita 3,400 kutoka kwa kaka yako. Watu wa Sherbrooke kwenda huko wikiendi ni kama wewe kuniambia utapitia Cape Town ukienda Sake. Milima ile ni mingine kabisa: mirefu, wazi juu ya miti, theluji laini yenye kina cha kumzamisha mtu hadi kifuani. Hata mashine zake ni nyingine. Ule mkanda mpana wa mpira unaozunguka nyuma na kuisukuma mashine, kwenye mashine za milimani huwa na urefu wa mita nne hivi, wenye meno marefu ya kuchimba theluji. Mtakazokodi Quebec mkanda wake ni mfupi zaidi na meno yake mafupi, kwa sababu zimetengenezwa kwa njia zilizoshindiliwa. Ukiipeleka moja mahali pa nyingine itakuaibisha.

Quebec haina urefu huo, lakini ina njia. Zipo zaidi ya kilomita 33,000 zilizowekwa alama, zinazotunzwa na vilabu vya wenyeji, na usiku mashine kubwa hupita kuzilainisha mpaka asubuhi unakuta barabara nyeupe iliyonyooka kama shuka iliyopigwa pasi. Kuna vibao vya kona, vya vijiji, vya vituo vya mafuta. Unakaa kulia, na mwendo mkubwa unaoruhusiwa ni kilomita 70 kwa saa. Kwa mtu aliyezoea mawe ya lava ya mitaa yetu, utadhani umekufa ukafika peponi. Hapo ndipo hatari inapoanzia.

Kaa kwanza kwenye pikipiki yako, hapo ilipo. Mkono wa kulia una nini? Unazungusha mafuta kwa kiganja, na mbele ya vidole kuna breki ya mbele. Mkono wa kushoto ni klachi, au ambreyaje kama tunavyosema. Miaka tisa mwili wako umejifunza jambo moja: mtoto akikurukia barabarani, bana mkono wa kulia.

Pikipiki ya theluji imepangwa kinyume. Breki iko mkono wa kushoto, pale ilipokuwa klachi yako. Gia hakuna, klachi hakuna. Kuna mkanda wa ndani unaojibadilisha wenyewe kadiri injini inavyozunguka. Na mkono wa kulia una kitu kimoja tu, kijiti kidogo kinachosukumwa na kidole gumba, nacho ni mafuta. Umeelewa nisemacho? Siku paa anapokatiza mbele yako, ile akili ya Birere itakuambia bana kulia, nawe utabana, na gumba litabana pamoja na vidole vingine. Mashine ya kilo 250 itaruka mbele badala ya kusimama. Nimewaona madereva wazuri wa pikipiki, kutoka nchi mbalimbali, wakifanya kosa hili hili, na kadiri mtu alivyo mzoefu ndivyo anavyolifanya kwa kasi. Asiyewahi kuendesha chochote hupona, kwa sababu mkono wake haujafundishwa uongo.

Dawa yake ni uwanja na subira. Siku ya kwanza usiingie njiani. Omba eneo wazi, zunguka polepole saa nzima, na kila mara kaka yako akipiga kelele "simama", achia gumba na ubane kushoto. Fanya hivyo mara 50, mara 100, mpaka uchoke. Ukiachia mafuta tu, mashine yenyewe hupunguza mwendo haraka, kwa hiyo somo la kwanza ni kuachia, la pili ndilo kubana. Na ile kamba nyekundu inayofungwa kwenye koti lako upande mmoja na kwenye swichi upande wa pili, usiiache hata dakika. Ukianguka inachomoka na injini inazima. Bila kamba, mashine inaendelea na safari yake, na mara nyingine safari hiyo inapita juu ya aliyeanguka.

Kuna tabia nyingine ya kimotari utakayoiacha uwanja wa ndege Kigali: kushusha mguu. Kwetu pikipiki ikiteleza kwenye kokoto unatoa mguu, unaisukuma, unaendelea. Ukitoa mguu kwenye pikipiki ya theluji, goti linabaki kati ya kilo 250 na mti. Miguu hukaa ndani ya vikanyagio vyake hata mashine ikiegemea upande. Ikitaka kupinduka, iache ipinduke, ruka mbali nayo. Theluji ni laini, na mashine ina bima.

Kona nazo zina akili yake. Pikipiki yako inalala kwenye kona pamoja nawe. Hii hailali, ina skii mbili mbele, vile vipande virefu vya kuteleza, zinazouma theluji, na wewe ndiye unayehamisha mwili kuelekea ndani ya kona. Breki haishiki skii, inashika ule mkanda wa nyuma. Ukibana katikati ya kona, mkanda unateleza, skii zinaacha kuuma, na mashine inakwenda moja kwa moja msituni huku usukani umekatwa wote. Punguza kabla ya kona, ingia, kisha toa mafuta kidogo kidogo ukitoka. Na ukibeba mtu nyuma, asikae kama gunia la makaa. Lazima aegemee pamoja nawe.

Tuje kwenye mlima wako. Umeandika "sisi wa Goma tunajua mlima ukishuka", na najua unaongelea nini: lava ya Nyiragongo, Januari 2002 na Mei 2021. Lakini mfano wa Nyiragongo unakupotosha. Nyiragongo humfuata mtu kitandani kwake. Maporomoko ya theluji hayafanani na hilo, yanafanana na mazuku. Unajua jinsi wazee wanavyojua mabonde fulani upande wa ziwa ambako gesi nzito hutulia chini, mbuzi akishuka harudi? Mazuku hayamfuati mtu. Yanakaa mahali pake, na anayekufa ni yule aliyeshuka bila kuuliza.

Theluji hujengeka kwa matabaka, kama ukuta wa udongo unaopakwa kila dhoruba inapopita. Tabaka moja likiwa dhaifu, chembechembe zake zimelegea kama sukari, na juu yake dhoruba mpya ikaweka bamba zito, basi bamba hilo limekaa juu ya marumaru zinazoviringika. Linaweza kukaa wiki nzima bila kusogea. Kisha anakuja mtu na mashine yake, uzito na mtikisiko vinavunja lile tabaka la chini, na mteremko mzima unaondoka kwa pamoja. Katika ajali nyingi zinazoua, aliyefunikwa ndiye aliyeliamsha, yeye au mwenzake. Na haitokei popote tu. Mteremko huwa kati ya nyuzi 30 na 45, kuanzia kama ngazi ya nyumba ya ghorofa na kuendelea. Pakiwa tambarare zaidi bamba haliteremki. Pakiwa wima zaidi theluji haikusanyiki ya kutosha.

Machi 2010, mlima Boulder, hapohapo Revelstoke kwenye video yako, watu wengi walikuwa wamekusanyika chini ya mteremko kuwatazama wenzao wakishindana nani atapanda juu zaidi. Mteremko ukaondoka. Wawili walikufa, kama 30 wakaumia. Waliokuwa chini walikuwa wamesimama tu. Ndiyo maana kule magharibi kila mtu anabeba vitu vitatu mwilini, mwilini kabisa na si kwenye mashine: redio ndogo ya kutafutana inayotoa mawimbi ya 457 kHz, fimbo ndefu ya kuchomea theluji, na koleo. Mmoja anapanda, wengine wanasubiri pembeni, kwa sababu aliyefunikwa ana takriban dakika kumi tu kabla uwezekano wa kumtoa hai haujaanza kuporomoka. Huwezi kumsubiri askari wala helikopta. Anayeokoa ni yule uliyekuja naye.

Wewe na kaka yako hamna mafunzo hayo, na siku tatu hazitoshi kuyapata. Basi msiende kwenye mteremko wa aina hiyo. Njia za Quebec zilizowekwa alama karibu zote zinapita misituni na mabondeni, na ukikaa juu yake, maporomoko si shida yako. Ipo sehemu moja ya kuangalia, milima ya Chic-Chocs huko Gaspésie, ambako kilele cha Jacques-Cartier kinakaribia mita 1,270 na miteremko iko wazi. Wana kituo chao cha kutoa tahadhari, Avalanche Québec, pale Sainte-Anne-des-Monts. Kuzunguka rasi ya Gaspésie kwa njia ya kawaida ni safari nzuri mno, bahari upande mmoja, milima upande wa pili. Kutoka nje ya njia kule, hapana.

Sasa ziwa, jambo ambalo hukuliuliza hata kidogo. Januari 2020, kwenye ziwa la Lac-Saint-Jean hukohuko Quebec, kikundi cha watalii wa Kifaransa kiliacha njia yenye alama kikakata kupitia barafu usiku. Barafu ilivunjika. Watalii watano walikufa, na kiongozi wao, Mkanada, naye alikufa. Watu hao walikuwa na mtu anayeijua nchi. Nikisoma barua yako naona mlima, mlima, mlima, na ndivyo tulivyo sisi: ziwa tunaliona ni mahali pa kuogea Jumapili, ilhali Kivu yenyewe imefungia gesi chini yake. Ziwa lililoganda linadanganya vizuri zaidi. Linaonekana ndiyo barabara iliyonyooka kuliko zote, bila mti hata mmoja wa kugonga.

Msalaba Mwekundu wa Canada hutaja sentimita 15 za barafu kwa mtu anayetembea, na 25 kwa pikipiki ya theluji. Lakini nani atakupimia katikati ya ziwa? Palipo na mkondo, palipo na mdomo wa mto, chini ya daraja, unene hubadilika ndani ya hatua kumi. Barafu ya bluu iliyo angavu ndiyo imara, nyeupe ina nusu ya nguvu hiyo, ya kijivu ina maji ndani yake. Kanuni yangu kwa wageni haina mjadala: tunavuka ziwa pale tu klabu ilipopanda vijiti vya alama, na ikiwa kijiti kimeondolewa tunazunguka hata kama ni kilomita 20. Ukizama siku moja Mungu apishe mbali, dakika ya kwanza ni ya kutuliza pumzi tu, usihangaike. Una kama dakika kumi ambazo mikono bado inakutii, ujivute kwenye barafu uliyotokea, ambayo ilikubeba, kisha ubingirike kwa tumbo bila kusimama.

Mwende wapi basi? Kama ningekuwa kaka yako, siku ya kwanza ningekupeleka Valcourt, karibu na Sherbrooke. Ndiko alikozaliwa Joseph-Armand Bombardier mwaka 1907, fundi aliyefiwa na mtoto mdogo majira ya baridi ya 1934 kwa sababu theluji ilifunga barabara ya hospitali. Mwaka 1937 alipata hataza ya gari lake la theluji, na 1959 akatoa ile mashine ndogo, Ski-Doo, mama wa hizi zote. Makumbusho yake yako hapo, na njia za eneo hilo ni tulivu, nzuri kwa zoezi la mkono wa kulia. Siku ya pili na ya tatu, milima ya Laurentides, kaskazini ya Montreal: kuna njia iliyojengwa juu ya reli ya zamani, P'tit Train du Nord, na sehemu yake ya kaskazini kuelekea Mont-Laurier hupitisha pikipiki za theluji. Treni haikuweza kupanda mlima mkali, kwa hiyo mwinamo wake ni mpole kwa kilomita na kilomita. Milima unaiona pande zote bila kuigusa.

Kuna mahali ninapopapenda kuliko hapo, Monts-Valin, kaskazini ya Saguenay, ambako theluji huzidi mita tano kwa mwaka na miti hufunikwa mpaka inafanana na watu waliojitanda mashuka. Lakini huko chukueni kiongozi mwenye kibali, na iwe safari yako ya pili. Kaka yako akisema anajua njia, muulize ameendesha misimu mingapi. Kuishi Sherbrooke hakumfanyi mtu kuwa kiongozi, kama vile kuishi Goma hakujamfanya kila mtu kuwa mpanda Nyiragongo.

Baridi. Kipimajoto kikisema nyuzi 20 chini ya sifuri nawe uko kwenye kilomita 50 kwa saa, ngozi iliyo wazi inahisi kama 35 chini ya sifuri, na hapo inaweza kuanza kuganda ndani ya nusu saa au chini yake. Mavazi utakodi hukohuko. Lile koti la mitumba unalovaa alfajiri huenda lilizaliwa Canada, lakini limeshazeeka na upepo unalipita; livae kwa safari ya uwanja wa ndege. Chini kabisa vaa sufu au kitambaa cha michezo, kamwe si pamba, kwa sababu pamba ikinyonya jasho inakugeuza friji.

Hapa kuna neno ambalo vijitabu vyao havisemi sana. Vijitabu vinakuambia utazame ngozi ikiwa nyekundu kisha nyeupe. Kwenye ngozi yetu wekundu hauonekani vizuri. Tazama rangi ya majivu, ugumu kama nta, na ganzi. Tafiti za wanajeshi zimeonyesha pia kwamba watu wenye asili ya Afrika hupata madhara ya baridi vidoleni kwa urahisi zaidi kuliko Wazungu, kwa hiyo kaka yako asikucheke ukiomba kusimama. Kidole kikifa ganzi, kiweke kwapani. Usikisugue, hasa usikisugue kwa theluji. Kama baada ya nusu saa ndani ya nyumba yenye joto hakijarudi, au malengelenge yametokea, hiyo ni hospitali siku hiyohiyo. Kwa ushauri wa simu Quebec mnapiga 811, kwa dharura 911.

Na kabla hujaondoka Goma, nenda kwa daktari ana kwa ana. Mwambie wazi utakaa kwenye baridi kali. Kama una selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi, au kwenu kuna mwenye selimundu nawe hujawahi kupima, pima sasa: baridi inaweza kuamsha shambulio la maumivu, na hilo silitatui mimi kwa barua. Pumu, shinikizo la damu, vidole vinavyogeuka rangi ukishika maji baridi, vyote mweleze. Akisema usiende kuendesha, utakaa Valcourt utazame makumbusho, na bado utakuwa umeiona theluji.

Beba permis yako halali ya kuendesha na ile ya kimataifa, kwa kuwa wakodishaji wataiomba. Bima ya safari isome ukurasa wa mambo isiyolipia, maana nyingi zinaitaja pikipiki ya theluji hapo, na mgeni Quebec hulipia hospitali mwenyewe. Glavu usinunue. Kaka yako akuchukulie zile za mfuko, ambazo vidole vinne vinakaa pamoja vikipashana joto na gumba liko peke yake. Ndilo gumba utakalolifundisha kuachia.